Somo: Kuendesha michezo ya watoto mtaani, hatua kwa hatua

Habari za wakati huu, ndugu zangu wa kusini. Mmekuwa mkiniuliza kazi ya uwezeshaji wa michezo ya watoto inafanywaje hasa. Naeleza tunavyoifanya huku Mikindani, Mtwara.

Hatua ya 1: Piga hodi kwa wenye mtaa

Anza kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, kisha afisa maendeleo ya jamii au afisa ustawi wa jamii. Wakikuambia kucheza ni mambo ya kitoto tu, wakumbushe Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Inapotaja wajibu wa mzazi, haki ya kucheza na kupumzika imo pamoja na chakula, malazi, mavazi na matibabu. Ukitoka hapo, nenda kwa ustadhi wa madrasa. Ukipanga michezo saa ya madrasa umeshagombana na nusu ya mtaa kabla hujaanza.

Hatua ya 2: Eneo

Tafuta kivuli, mbali na njia ya bodaboda. Litembelee asubuhi ukiangalia chini: vioo, misumari, shimo la choo cha zamani, kisima kisichofunikwa. Kama ni ufukweni, jua maji yanajaa saa ngapi, hasa siku za bamvua, yanapojaa kupita kawaida. Chini ya mikorosho ni pazuri sana, ila Juni hadi Septemba uliza kwanza nani anapuliza salfa, ile dawa ya mikorosho, na lini. Siku hiyo hamieni kwingine. Korosho mbichi nazo zisivunjwe kwa mawe, maana mafuta ya ganda yanaunguza ngozi.

Hatua ya 3: Vifaa

Msisubiri mfadhili alete bembea. Mwaka 1943 huko Emdrup, Copenhagen, nchini Denmark, ulifunguliwa uwanja wa watoto uliojaa mbao, matofali na mabaki ya ujenzi. Aliyetoa wazo hilo ni C. Th. Sørensen, mbunifu wa bustani, aliyekuwa ameona watoto wanavutiwa zaidi na mabaki kuliko viwanja vilivyopangwa vizuri. Sisi tuna vifuu, makuti, matairi, magunia, khanga kuukuu na madumu yaliyotoboka. Ng'oa misumari, osha, kisha mwaga chini bila maelezo.

Msimu uliopita watoto walifungua mnada wa korosho. Vifuu viwili na fimbo vikawa mizani, mchanga ndiyo korosho, majani ya mwembe ndiyo stakabadhi. Binti wa miaka kama saba akajiweka katibu wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Mkulima mmoja akagoma: "Mizani yako inaiba!" Wakabishana, wakabadilishana vifuu, wakapima upya mara nyingi, mwisho wakamtafuta mtoto wa tatu awe mkaguzi. Hesabu, mazungumzo na haki vyote vilikuwa hapo, na hakuna mtu mzima aliyefundisha.

Hatua ya 4: Kaa pembeni

Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Ukiona wanakosea kanuni za rede, nyamaza, ni rede yao. Ingia pale mtoto anapoumizwa, anapotengwa, au penye hatari asiyoweza kuiona mwenyewe. Mtoto anayepanda mwembe anauona urefu na anajipima. Tawi lililooza ndani halioni, hilo ulikate wewe mapema.

Hatua ya 5: Ulinzi

Wasimamizi wawe wawili au zaidi, daftari la majina, na picha zisipigwe bila idhini ya mzazi. Ukiona dalili za ukatili usifanye uchunguzi wako. Piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Masasi): Msimu ukifika wazazi wanasema watoto wakaokote korosho, michezo baadaye. Nifanyeje?

Jibu: Usishindane na msimu kaka, ndiyo ada na sare za mwaka mzima. Punguza siku, sogeza saa ziwe jioni, au ufuate familia huko huko mashambani na gunia lako la vifuu. Saa moja yenye uhakika inatosha.

Swali (Newala): Wasichana wakitoka unyagoni wanaambiwa wameshakua, hawaji tena. Nami naogopa kuonekana napinga mila.

Jibu: Dada, nenda kwa makungwi wenyewe, kwa heshima na bila haraka. Omba watoto hao wawe na siku yao, michezo yao, na mama wanayemwamini awe karibu. Kungwi akikubali, wazazi watakuja. Ukimruka, hata ukiwa na barua ya ofisi hutawapata.

Swali (Lindi mjini): Jirani ana mtoto asiyetembea, anamficha ndani.

Jibu: Mpelekee mchezo nyumbani kwanza, mdako au bao, pamoja na watoto wawili wapole. Mama akishamwona mwanawe anacheka na wenzake, yeye ndiye atakayeuliza uwanjani mnakutana lini. Hakikisha njia ya kufika inapitika.

Swali (Mtwara): Kazi hii inalipa? Tunaweza kuchukua ule mkopo wa halmashauri?

Jibu: Wengi wetu tunajitolea. Mikopo ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inarejeshwa, na uwanja hauingizi fedha, kwa hiyo msikope kwa ajili yake. Kikundi kikope kwa biashara halisi, ufugaji wa kuku kwa mfano, na mkubaliane kwa maandishi sehemu gani ya faida itanunua sabuni, maji ya kunywa na dawa za huduma ya kwanza.