Somo: Tanga la plati, sanamu ya chuma ya kuhimili chumvi ya Unguja

Assalaam alaykum wanachama.

Wengi mmeniomba nieleze ninavyotengeneza sanamu za chuma zisizo na umbo la mtu wala mnyama. Nitaeleza kazi moja tu: mikunjo mitatu ya plati (bamba la chuma) iliyosimama kama tanga lililojaa kusi. Nasema mapema, visiwani kwetu mkono wako hauamui umbo peke yake. Chumvi nayo ina kauli. Kabla ya kujiuliza kazi itapendeza vipi, jiulize maji yatatokea wapi.

Hilo nilifunzwa na kazi yangu mwenyewe. Niliuzia hoteli moja ya pwani ya mashariki masanduku manne ya plati yaliyopandana, nimeyachomelea pembe zote nikidhani kufunga ndiko kukinga. Unyevu ukapita kwenye kitundu cha mshono, ukageuka matone ndani, ukakosa pa kutokea. Masika ya pili hayajesha, kutu ikatoboa kutoka ndani na rangi ya nje bado inang'aa. Nilipogonga kwa nyundo, sanduku la chini likamwaga maji ya kahawia. Nilirudisha fedha za watu.

Hatua ya 1: Chora mpaka jahazi litoweke

Nenda Malindi, bandari ya majahazi hapa mjini Unguja, alasiri vyombo vinapoingia. Chora jahazi zima. Karatasi ya pili, ondoa omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo. Ya tatu, ondoa mlingoti na foromali, mti unaobeba tanga. Ya nne, ondoa kamba. Utabaki na tumbo la upepo tu, na hilo ndilo utakalolitengeneza. Usiruke hatua hii. Anayeanza moja kwa moja na mkunjo hutoa bati lililopindika. Aliyepitia jahazi zima hutoa mkunjo wenye uzito, hata mtazamaji asipojua umetoka wapi.

Hatua ya 2: Vijue vyuma vyako

Utahitaji plati nyeusi ya milimita 2, futi 8 kwa 4 (ina kilo 47 hivi, njoo na mwenzako), kipande cha plati ya milimita 6, jani moja la springi ya daladala na ngoma ya breki ya lori. Springi na ngoma zimejaa kwenye magereji na kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Chuma chakavu hakina lebo, kwa hiyo kiulize kwa grenda. Gusisha kidogo, utazame cheche. Plati ya kawaida hurusha cheche ndefu za manjano zenye matawi machache. Springi, yenye kaboni nyingi, hurusha cheche zinazopasuka kama nyota. Ngoma ya breki, chuma cha kusubu, hutoa cheche fupi nyekundu zinazozimika karibu na jiwe. Ya kwanza ichomelee bila wasiwasi. Ya pili na ya tatu zifunge kwa bolti. Springi ukiichomelea kwa vijiti vya kawaida, pembeni mwa mshono hugeuka ngumu kama kioo, na siku moja itakatika hapo. Ngoma hupasuka ikipoa, utasikia mlio wake. Kwa bahati springi ina tundu lake katikati na ngoma ina matundu ya bolti za tairi, kwa hiyo huna haja ya kuvitoboa hivyo.

Hatua ya 3: Kata na kunja

Kata plati kwa urefu, vipande vinne vya sentimita 30. Vitatu vya kazi, kimoja cha kukosea, na mtu hukosea. Sugua makali yote kwa tupa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, maana rangi haikai kwenye makali.

Mie sina rola, mashine ya kukunjia plati. Nautumia mnazi. Funga ncha ya kipande kwenye shina kwa kamba nene na gunia chini yake, kisha watu wawili mvae glavu, mshike ncha ya pili na mzunguke taratibu. Chuma kitarudi nyuma mkikiachia, kwa hiyo kunjeni kupita alama mnayoitaka. Vipande vitatu visilingane: cha kwanza kikunje sana, cha pili kidogo, cha tatu kiwe karibu kunyooka. Hapo ndipo upepo unapoanza kuonekana.

Hatua ya 4: Unga

Simamisha vipande kwa namna ya ukili usiokazwa, vikipishana kwa nafasi ya vidole viwili. Nafasi hiyo hupitisha maji na hupitisha upepo, na ni sehemu ya umbo, usiizibe. Miguu ya vipande ichomelee kwenye plati ya milimita 6. Natumia vijiti vya milimita 2.5 kwa ampia 70 hivi, nachoma inchi moja, naruka upande wa pili, plati isijikunje kwa joto. Panapogusana vyuma viwili, mshono uzunguke wote pasibaki ufa. Lakini usitengeneze chumba kilichofungwa. Ikibidi kiwepo, toboa tundu la milimita 10 pa chini kabisa.

Springi ifunge nyuma kama uti wa mgongo.

Hatua ya 5: Osha, kisha paka

Watu wengi huharibikiwa hapa. Chuma kilicholala nje Unguja kina chumvi hata usipoiona, na rangi juu ya chumvi huvimba malengelenge. Piga brashi ya waya na msasa mpaka king'ae, osha kwa maji matamu, kausha juani, paka siku hiyo hiyo kabla ya umande. Anza na praima (rangi ya kwanza) ya zinki. Zinki huliwa badala ya chuma, lakini lazima iguse chuma chenyewe, si kutu wala rangi ya redoksaidi ya zamani. Fuata rangi ya epoksi, kisha rangi ya juu.

Rangi iwe moja. Mchongaji Anthony Caro wa Uingereza mwaka 1962 aliunga mihimili, mabomba na plati, akavipaka vyote nyekundu. Ukiitazama kazi ile huulizi tena bomba lilitoka wapi.

Hatua ya 6: Simamisha

Ngoma ya breki ndiyo kitako cha kazi. Igeuze kifudifudi isikinge mvua, uiinue sentimita moja juu ya zege hewa ipite. Zege usitumie mchanga wa pwani, chumvi yake itakula bolti za msingi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Maalim, nimeona picha za kazi za Richard Serra, mchongaji wa Marekani, chuma cha rangi ya kutu kisichopakwa kitu. Kwa nini nasi tusiache kutu iwe rangi? (Mwanachama, Wete)*

Ndugu yangu, chuma kile ni maalumu, kina shaba kidogo na kromu, na kutu yake hushikamana ikawa ngozi. Ngozi hiyo huitaka mvua na jua kwa zamu, bila chumvi. Karibu na bahari haijifungi, inaendelea kula. Plati yetu ya kawaida ndiyo kabisa. Ukiipenda rangi ile, ipake.

*Naweza kutumia mabati ya paa la zamani?*

Kwa kukunja na kufunga kwa ribiti, ndiyo. Kwa kuchomelea, hapana. Zinki huwa mvuke, na ukiuvuta, usiku utatetemeka kwa homa. Maziwa wanayopeana mafundi hayazuii kitu. Na pipa lililowahi kutiwa petroli usilikate kwa moto wala grenda, hata kama limekaa wazi mwaka mzima.

*Wazee hapa Makunduchi wananiambia sanamu ni haramu. Niwajibu vipi? (Bi mmoja)*

Bi, hukumu kamuulize shekhe wako, mie si mwanachuoni. Ninachokijua ni kwamba kazi hii haina kiumbe chenye roho. Nami nikikwama kwenye umbo hutazama milango ya Mji Mkongwe, mafundi wake waliojaza mbao majani, minyororo na mawimbi. Waite wazee waje waione kabla hujaipaka rangi, uwaeleze tanga. Wangu walianza kubishana kuhusu upepo.

*Nafundisha skuli, hatuna mashine wala umeme wa uhakika. Tuanzie wapi?*

Anzeni na vifuniko vya chupa. El Anatsui, Mghana aliyeishi na kufundisha Nsukka, Nigeria, huunga maelfu ya vifuniko vya alumini kwa waya wa shaba vikawa mapazia makubwa ya ukutani, na mwaka 2015 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice kwa kazi ya maisha yake. Kwenu, kazi ikikaa ndani, waya wa shaba hauna neno. Ikikaa nje, tumieni waya wa alumini, kwa sababu shaba na alumini zikigusana kwenye chumvi, alumini huliwa. Toboeni kwa msumari juu ya ubao, na watoto wavae miwani.

*Kuitunza je?*

Maji matamu kila mwezi, kila wiki kama iko ufukweni. Ukiona tone la kutu, sugua na paka siku hiyo hiyo.