Kugawanya sehemu za aljebra: kalamu kwanza, kikokotoo baadaye

Kikokotoo cha kawaida cha shule, mfano Casio fx-82MS, hakijui kufuta vigawo. Kinajua namba tu. Kazi ifanye mwenyewe, kisha kitumie kujisahihisha. Tuchukue hili:

(x² − 9)/(x² + 5x + 6) ÷ (x − 3)/(x + 4)

1. Tafuta vigawo: juu (x − 3)(x + 3), chini (x + 2)(x + 3).

2. Pindua sehemu ya pili (ya pili tu, jamani!) na uzidishe:

[(x − 3)(x + 3)]/[(x + 2)(x + 3)] × (x + 4)/(x − 3)

3. Futa vinavyofanana juu na chini. Inabaki (x + 4)/(x + 2).

4. Sasa shika kikokotoo. Hifadhi 5 kwenye X: bonyeza 5, SHIFT, STO, X. Andika swali lenyewe:

((X² − 9) ÷ (X² + 5X + 6)) ÷ ((X − 3) ÷ (X + 4))

Unapata 1.285714286. Andika na jibu lako, (X + 4) ÷ (X + 2). Ni ileile, yaani 9/7.

Wengi huanguka kwenye mabano. Ukiacha yale yanayofunga sehemu ya pili yote, kikokotoo kinagawanya mfululizo: 16 ÷ 56 ÷ 2 ÷ 9, kinatoa 0.01587. Hapo mtu anafuta ukurasa mzima uliokuwa sahihi.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeweka 3, kimeandika Math ERROR, lakini jibu fupi linatoa 1.4. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Hujakosea. Kwa x = 3 sehemu ya pili ni sifuri, na kwa sifuri hatugawanyi. Kando ya jibu andika: x si 3, −2, −3 wala −4. Hiyo −4 husahaulika sana, kwa kuwa asili yake, (x + 4), ilishapanda juu tulipopindua.

Swali: Nimejaribu −5 bila kuhifadhi, majibu hayalingani.

Jibu: Uliandika −5², kikasoma −25. Andika (−5)². Yote mawili yatatoa 0.3333.

Swali: Mimi kwenye (x + 4)/(x + 2) nilifuta x, nikabaki na 2. Nikahakiki kwa 0, ikakubali!

Jibu: Pole ndugu, 0 imekudanganya. Ukiweka 0, x zinapotea zenyewe, kwa hiyo kosa halionekani. Rudia kwa 5: 2 si 1.2857. Hizo x zimejumlishwa na namba, si vigawo, hazifutiki. Hakiki kwa namba mbili, na 0 isiwemo.