Midoli ya zamani ya Star Wars: anza na 12 ya kwanza

Mgeni akishika mdoli wa zamani huangalia uso. Anayeijua kazi hii huugeuza, anasoma maandishi ya miguuni, halafu anaangalia kilichoko mkononi. Mdoli mtupu wa miaka ile haupatikani kwa shida sana. Kinachopotea ni bunduki, joho na upanga, na humo ndimo pesa nyingi zilimo na feki zimejaa.

Tunaongelea midoli ya wahusika wa filamu ya Star Wars ambayo Kenner, kampuni ya Cincinnati, Marekani, iliiuza kuanzia 1978 hadi 1985. Mdoli wa mtu mzima wa kawaida una urefu wa karibu sentimita 9.5 na viungo vitano tu: shingo, mabega mawili, nyonga mbili. Goti halikunji. Filamu ilitoka Mei 1977 kabla Kenner haijawa na mdoli hata mmoja wa kuuza, ikabidi Krismasi ile wauze bahasha ya kadibodi yenye cheti: ukikirudisha kwa posta, unatumiwa midoli minne mwaka unaofuata. Hadi 1985 aina zilikuwa zimepita 90. Usizikimbilie zote. Chukua 12 za mwaka 1978, zijue vizuri, ndipo uamue kama unaendelea.

Kila mdoli na vitu vyake

R2-D2 na C-3PO, maroboti wa filamu hiyo, hawakuja na silaha wala joho, kwa hiyo ndio wa kuanza nao: unakagua mwili peke yake. Kwa C-3PO tazama rangi ya dhahabu. Ni utando mwembamba wa metali uliopakwa juu ya plastiki, nao huchubuka kifuani, mabegani na kwenye ncha za miguu. Kwa R2-D2 tazama stika ya karatasi iliyozunguka mwili, kisha zungusha kichwa taratibu. Kilicho kizima hutoa mlio wa "tik tik". Vingi vimenyamaza kwa kuchoka, na bei inapaswa kushuka kwa sababu hiyo.

Han Solo, Stormtrooper (askari wa deraya nyeupe) na Death Squad Commander wana bunduki moja kila mmoja. Chewbacca ana silaha yake yenye umbo la upinde. Leia ana bunduki ndogo na joho jeupe la plastiki laini. Sand People ana rungu refu na joho la plastiki. Jawa ana bunduki na joho la kitambaa. Luke, Darth Vader na Ben Kenobi wana panga zinazosukumwa kutoka ndani ya mkono: wa Luke wa njano, wa Vader mwekundu, wa Ben wa buluu. Vader na Ben wana majoho ya plastiki pia.

Panga hizo zichunguze sana. Mwishoni kuna ncha nyembamba kama sindano, na ndiyo ya kwanza kuvunjika. Muuzaji akikupigia picha upanga ukiwa umerudishwa ndani ya mkono, mwombe picha nyingine umetolewa wote. Akikataa, achana naye.

Kusoma miguu

Nyuma ya miguu ya mingi ya midoli hii 12 utakuta G.M.F.G.I. 1977, herufi za General Mills Fun Group, waliokuwa wakiimiliki Kenner. Mara nyingi chini yake kuna HONG KONG. Huo mwaka ni wa hakimiliki. Mdoli ulioandikwa 1977 haukuuzwa dukani mwaka 1977, hata muuzaji aape vipi. Midoli ya baadaye huandikwa L.F.L. pamoja na mwaka wake, na nchi inaweza kuwa Taiwan au China. Kuna pia ambayo jina la nchi lilifutwa kwenye kalibu likabaki kovu dogo; hiyo peke yake haimaanishi kwamba ni feki.

Mtego mwingine: tangu 2019 kampuni ya Hasbro wamekuwa wakitoa midoli mipya yenye sura, viungo na kadi (kadibodi ambayo mdoli hubandikwa ukiuzwa) za mtindo wa Kenner. Ni bidhaa halali, ila ikitolewa kwenye kadi na kutupwa kwenye boksi la midoli ya zamani humdanganya mgeni. Maandishi ya miguuni ndiyo yanayoiumbua.

Silaha feki

Feki nyingi hutengenezwa kwa kuchukua silaha orijino, kuitolea kalibu ya silikoni, kisha kumimina plastiki mpya. Kwa njia hiyo kitu hupungua ukubwa kidogo na kingo zake hufifia. Ndiyo maana venia (kifaa cha kupimia urefu na unene kwa usahihi) ya bei nafuu na kioo cha kukuza mara 10 vina faida kuliko kitabu cha bei. Nunua kwanza bunduki moja ya Stormtrooper kwa muuzaji anayeaminika, ipime urefu na unene, andika vipimo, halafu kila inayokuja ilinganishe nayo. Angalia mistari midogo kwenye mtutu kama imekatika vizuri au imelainika kama sabuni iliyotumika. Feki nyingi pia hung'aa kupita kiasi.

Utasikia ushauri wa kuitumbukiza majini: ikielea ni orijino, ikizama ni feki. Usiutegemee. Zipo orijino zinazozama, na feki mpya zimetengenezwa zielee. Chukua kama dalili moja kati ya nyingi.

Jawa mwenye joho la plastiki aliuzwa mwanzoni kabisa mwa 1978 kabla Kenner hawajahamia kitambaa, na bei yake ni kubwa mno. Kwa hiyo watu hukata majoho ya midoli mingine wakamvika. Panga za mwanzo zenye ncha inayochomoza mara mbili nazo ni hivyo hivyo. Mgeni asiguse vitu hivi bila mtaalamu kuvikagua.

Kusafisha

1. Vua joho na silaha, viweke pembeni.
2. Changanya maji ya uvuguvugu, nusu lita, na tone moja la sabuni ya vyombo.
3. Sugua kwa mswaki laini wa mtoto, ukipita polepole kwenye macho, nywele na mkanda, ambako rangi huondoka kwanza.
4. Suuza, kausha kwa taulo, kisha uache kivulini siku nzima. Maji hujificha kwenye viungo.

R2-D2 asiloweshwe, stika itavimba. C-3PO apanguswe kwa kitambaa chenye unyevu tu. Asetoni ni marufuku, kwa sababu inayeyusha rangi na plastiki ya kiwiliwili.

Stormtrooper wa manjano ni jambo la kawaida. Kiwiliwili ni plastiki tofauti na ya mikono na miguu, ndiyo maana kifua kinaweza kuwa cha manjano na mikono ikabaki myeupe. Chanzo ni mwanga wa jua na joto. Wapo wanaorudisha weupe kwa haidrojeni peroksaidi na mwanga wa UV. Hatushauri: umanjano hurudi, plastiki hudhoofika, na wanunuzi makini huhesabu mdoli huo kuwa umeharibiwa.

Kuhifadhi

Mikono na miguu ni PVC laini, aina ya plastiki ambayo kwa miaka hutoa kilainishi chake (kemikali inayoilainisha) ikawa inanata. Kilainishi hicho hula polistirini, plastiki inayotengenezewa foma, kwa hiyo mdoli ukilazwa juu ya foma nyeupe ya kufungia mizigo utashikana nayo. Tumia mifuko ya polipropilini au polithini, mmoja kwa kila mdoli, na bunduki iwe kwenye kimfuko chake. Kabati liwe mbali na dirisha. Kwa aliyeko Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar unyevu ndio adui mkubwa: weka pakiti za silika, zinazofyonza unyevu, kwenye boksi linalofunga vizuri na uzibadilishe zikishiba.

Kununua

Bei aliyoandika muuzaji ni matumaini yake. Kwenye eBay, soko la mtandaoni, chuja matokeo uone vilivyouzwa tayari, linganisha angalau kumi vya hali inayofanana, na uondoe vile ambavyo hali ya silaha haikutajwa. Ukiagiza Kenya au Tanzania, kumbuka kwamba ushuru na VAT vinaweza kuhesabiwa juu ya bei pamoja na nauli na bima, si bei ya mdoli peke yake; midoli sita kwenye mzigo mmoja mara nyingi hukugharimu nauli nafuu kuliko sita iliyokuja mmoja mmoja.

Kabla hajatuma, mwandikie muuzaji asigandishe bunduki mkononi kwa selotepu. Gundi yake hubandua rangi, na ikikaa wiki tatu kwenye joto la mizigo huacha alama isiyotoka kwa sabuni.