Bunduki ya marehemu mzee: anza na karatasi

Ndugu wa Lubumbashi, kama mzee amewaachia bunduki ya kuwindia, ile kaliba 12 inayokaa nyuma ya kabati, msiigawe kama mnavyogawa suti zake. Permi, yaani kibali cha silaha, ina jina lake. Wewe haikulindi, hata kama ni mtoto wa kwanza. Sheria ya silaha namba 85-035 ya Septemba 1985 inamtaka kila mwenye silaha awe na kibali chake.

Itolewe risasi kwanza (asiyejua asiguse), halafu piga picha ya namba iliyochongwa kwenye chuma. Ya baba yetu ilifunikwa na kutu. Tulisugua kwa kitambaa chenye mafuta, tukakuta tarakimu moja hailingani na permi. Afadhali uione mwenyewe nyumbani kabla ya afisa.

Kusanya akte ya kifo, permi ya zamani, na barua ya warithi inayotaja nani anaichukua. Nenda polisi na karatasi tu, uulize utaratibu. Bunduki ibaki imefungiwa. Ukiipandisha kwenye taksi-basi, njiani utaeleza nini? Na kama hakuna anayeitaka, sema palepale kwamba mnairudisha, mdai karatasi ya kuipokea.