Kusoma Riwaya kwa Jicho la Fundi

Aliyepita kidato cha nne au cha sita anajua kuchambua riwaya: dhamira nne, migogoro mitatu, falsafa ya mwandishi, kisha fani inasukumiwa mwishoni kwa mistari michache kuhusu matumizi ya lugha. Kwa mtihani inatosha. Kwa anayetaka kuandika riwaya yake, uchambuzi huo uko miguu juu kichwa chini. Maudhui unayo tayari, umekulia ndani yake. Unachokosa ni namna ya kuyapitisha kwenye kurasa 200 msomaji asisinzie, na hiyo imo kwenye fani.

Anza na kitabu kimoja cha miaka ya karibuni, kisichozidi kurasa 250. Maktaba za mkoa zipo Mbeya na Iringa. Zile PDF za magrupu ya WhatsApp achana nazo. Mbali na kuwa ni wizi, nyingi zimepigwa picha kwa simu, kurasa zinaruka.

Mara ya kwanza soma kama msomaji yeyote, kurasa 20 kwa usiku. Kitabu kitaisha kwa siku 13. Kalamu iweke mbali. Tenga tu vipande vya karatasi: kimoja pachike pale usingizi ulipokushinda, kingine pale uliposhindwa kukiweka kitabu chini. (Cha maktaba hakikunjwi kona.)

Mara ya pili ndiyo kazi yenyewe. Usirudie kitabu chote, chukua sura tatu: ya kwanza, moja iliyokusinzisha, na moja iliyokukesheza. Nunua kaunta buku, gawa ukurasa safu nne: namba ya ukurasa, nani anaona, muda gani umepita, nini kimebadilika. Kila tukio mstari mmoja.

Safu ya nne ndiyo inayouma. Kama tukio linaanza mama ana gunia la viazi, na linaisha ana gunia lilelile, hana deni jipya wala hajakosana na mtu, andika "hakuna". Ukikuta "hakuna" tatu zimefuatana, angalia vipande vyako vya karatasi. Mara nyingi ndipo uliposinzia. Halafu jipime na wewe: chora safu hizohizo kwa sura uliyoiandika mwenyewe. Wengi hapa hununa siku mbili, na si vibaya.

Tuliangalie jambo hili kwa karibu. Anayeanza huandika: "Mama Tumaini alikuwa mkulima maskini wa Makete aliyenyonywa na walanguzi." Hiyo ni sentensi ya mtihani. Fundi angeifanya hivi:

Dalali alilipiga gunia teke.
"Mama, ongeza. Hili halijafika."
"Limejaa tangu jana, mwanangu."
"Limejaa la kwenu. La sokoni linavaa kofia."
Mama Tumaini akaliendea rundo alilolitenga la mbegu, akainama, akaanza kuchagua.

Neno unyonyaji halimo. Hata lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kipimo, haikutajwa, imebaki kofia yake. Viazi vya mbegu vinavyoingia kwenye gunia vinatuambia msimu ujao utakuwaje, bila mwandishi kutabiri. Na ona wanavyoitana: mmoja "mwanangu", mwingine "mama", adabu yote ipo mdomoni wakati mguu unapiga teke. Kwenye safu ya nne unaandika: mbegu zimepungua. Ukikuta mistari kama hii kwenye riwaya unayosoma, inakili kwa mkono, herufi kwa herufi, nusu ukurasa kwa siku. Mkono hugundua vitu ambavyo jicho huvipita, kama vile pale sentensi fupi zinapoanzia, na sababu yake.

Kuna kosa linalotupata sana watu wa nyanda za juu kusini. Riwaya nyingi za Kiswahili zinazosifiwa ni za waandishi wa Zanzibar, kina Said Ahmed Mohamed na Adam Shafi. Hata Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotufikia mwaka 2022 kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ni ya mzaliwa wa Zanzibar. Ukisoma tatu mfululizo, masikio yanahamia pwani. Ghafla muuza ndizi wa Tukuyu anasema "n'nakwenda" na "sote twalijua". Usiache kuvisoma vitabu hivyo, ila beba kijidaftari kwenye daladala ya Uyole au sokoni Mwanjelwa, uandike sentensi tano kwa siku kama zilivyotoka mdomoni. Sikiliza Mhehe anavyotanguliza salamu yake, "kamwene", kabla ya kudai hela yake. Lugha ya nyumbani usiimwage kila mstari. Neno moja kwa ukurasa linatosha, na lieleweke kwa kinachotendeka, bila mabano.

Wanaosoma riwaya za Kiingereza peke yake wana ugonjwa wao: wahusika "wanavunja ukimya" na "kupandisha mabega", wakati mtu wa Mafinga angesema tu, "Mi sijui."

Sasa kalamu. Maneno 300 kwa siku ni kama ukurasa mmoja na nusu wa kaunta buku, na kwa siku 200 yanakuwa 60,000, rasimu kamili. Ila ukianza tarehe 1 Juni utamaliza 17 Desemba, mvua zimeshaanza na jembe linakuita. Mwenye shamba aandike 400. Siku 150 zitamfikisha 28 Oktoba. Baridi ya Juni na Julai iko upande wako, inawaingiza watu ndani mapema. Kila Ijumaa piga picha kurasa za wiki, ujitumie kwa barua pepe, maana daftari hulowa. Na katika miezi hiyo usimsome mwandishi unayemhusudu kuliko wote, sauti yake itakuingia.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ina kipengele cha riwaya. Washindi wake wa kwanza walipatikana mwaka 2023. Usingoje tangazo ndipo uanze. Kuanzia tangazo hadi mwisho wa kupokea, muda unatosha kusafisha rasimu, hautoshi kuizaa.

Kabla ya kutuma popote, toa nakala tatu, uwape watu watatu wasio ndugu zako. Usiwaulize kama ni nzuri, watakujibu kwa adabu. Wape penseli, waweke alama ya X kila walipoiweka chini wakaenda kufanya kitu kingine. X tatu zikikutana kwenye ukurasa mmoja, rudi kwenye kaunta buku, uangalie safu ya nne.