Breka inashuka kila ukiirudisha: namna ya kumsaka mchawi kabla ya kumwita fundi

Juzi nimeitwa nyumba moja Mbagala, saa mbili usiku. Breka ya soketi inashuka, na kijana wa nyumba alikwisha kuirudisha mara kumi na kitu. Alipochoka akaufunga mkono wa breka kwa selotepu ili usishuke. Nilicheka, kisha nikakosa raha. Breka hizi za kisasa hata uushikilie mkono wake juu kwa koleo, ndani zinakata vilevile. Ila kila ukiirudisha penye shoti, kuna cheche mahali fulani ukutani, na wewe huioni. Breka ikishuka inakupa taarifa. Somo hili ni la kuisoma taarifa hiyo.

Hatua ya 1. Angalia kilichoshuka ni kipi.
Kwanza tazama mita ya LUKU, maana nimewahi kupanda bodaboda kwenda kutazama "shoti" ambayo ilikuwa yuniti zimeisha. Kama mita iko sawa, fungua kifuniko cha sanduku la meni swichi, kile cha mbele tu kisicho na skrubu. Ndani utaona breka ndogo ndogo zilizopangana, na moja pana zaidi yenye kitufe kidogo chenye herufi T. Hiyo pana ni RCD, mafundi wa zamani wanaiita ELCB. Breka ndogo ikishuka, kuna shoti au mzigo umezidi. RCD ikishuka peke yake, umeme unavuja kwenda ardhini, na pengine njia yake ingekuwa mwili wa mtu. Nyingi za majumbani hukata uvujaji ukifika miliampia 30. Kwa hiyo anayekushauri "itoe hiyo RCD, inasumbua" usimpe hata nauli.

Hatua ya 2. Hesabu muda.
Hapa ndipo penye siri, na mafundi wengi hawaulizi. Ndani ya breka mna vitu viwili. Kuna koili inayokata papo hapo umeme ukifumka, na kuna kibati cha metali mbili kinachopinda polepole kikipata joto. Kwa hiyo:

Ikishuka pale pale unapoiinua, tena kwa mlio mkali, hiyo ni shoti. Ikikaa dakika kumi au nusu saa ndipo ishuke, na ukiigusa kwa juu ina joto, umeizidishia mzigo, au skrubu ya waya imelegea na inachemka. Ikishuka wakati kitu fulani tu kinapowashwa, mchawi ameshajitaja.

Hatua ya 3. Chomoa. Kuzima hakutoshi.
Watu wanazima swichi za soketi halafu wananiambia "fundi, nimezima kila kitu na bado". Swichi nyingi za soketi hukata laivu (waya unaoleta umeme) peke yake, nyutro (waya unaourudisha) inabaki imeungana. Kama pasi au hita imevuja upande wa nyutro, RCD itashuka hata kitu kikiwa kimezimwa. Basi chomoa plagi zote: friji, televisheni, chaja, ile ekstensheni iliyojificha nyuma ya kabati. Hita ya maji na jiko lililounganishwa moja kwa moja ukutani havichomoki, hivyo shusha breka zao.

Hatua ya 4. Rudisha kimoja kimoja.
Shusha breka zote. Inua meni swichi na RCD, kisha breka moja baada ya nyingine ukihesabu mpaka kumi kila mara. Breka iliyokata yenyewe wakati mwingine husimama katikati, hivyo ibonyeze chini kabisa kwanza ndipo uipandishe. Zote zikikaa, anza kuchomeka vifaa kimoja kimoja. Kitakachoiangusha, kitoe, tazama waya wake pale unapoingia kwenye plagi na pale unapotokea kwenye kifaa. Pasi huharibikia hapo hapo. Ikishuka na hakuna kitu kilichochomekwa, kosa liko kwenye waya wa ukutani, soketi, taa, au kile kisichochomoka. Kumbuka kama kuna aliyepigilia msumari wa picha wiki hii.

Hatua ya 5. Piga hesabu ya wati.
Gawa wati kwa volti 230 upate ampia. Birika la wati 2,200, jiko la umeme la 2,500 na pasi ya 1,200 ni wati 5,900, karibu ampia 26. Kama vyote viko kwenye breka ya ampia 20, haitakata palepale. Itavumilia, itapata joto, kisha itashuka ukiwa katikati ya kupiga pasi sare za watoto. Hapo hakuna kilichoharibika, pika kwanza halafu upige pasi.

Hatua ya 6. Jua pa kuachia.
Harufu ya plastiki inayoungua, soketi nyeusi, bati la friji linalokutekenya, maji yaliyoingia kwenye sanduku, au breka inayoshuka papo hapo ukijaribu mara ya pili: zima meni, uite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania. Kifuniko chenye skrubu usikifungue. Hata meni ikiwa imezimwa, waya unaotoka kwenye mita bado una umeme.

Kule Mbagala? Nilichomoa kila kitu, ikashuka. Nikazima umeme na kufungua soketi ya nyuma ya friji. Mjusi kafiri amelala kati ya laivu na nyutro, amekauka kama dagaa.

MASWALI

Swali, Tanga: Shikamoo fundi. Kwangu RCD inashuka mvua ikinyesha tu, jua likitoka inakaa. Nyumba ina miaka mitatu.

Marahaba. Anzia nje: taa za ukuta wa nje, taa ya geti, soketi ya barazani, pampu. Shusha breka ya taa za nje siku ya mvua uone kama RCD itatulia. Ikitulia, umeshampata. Fundi afungue vile viboksi vya kuungia waya, mara nyingi utakuta waya zimesokotwa na kufungwa selotepu, na maji yamejaa humo.

Swali, Mombasa: Kaka, sisi huku tunatumia shawa ya stima. Breka ya 20 ikifika dakika ya tano hivi inaanguka, na mtu yuko na sabuni kichwani.

Pole sana. Soma wati zilizoandikwa kwenye shawa. Ikiwa ni 5,500, hizo ni ampia 23 kwa volti 240, na bado waya wenyewe unachemka. Shawa inataka breka yake peke yake, kwa kawaida ya 32, na waya wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye sanduku. Usibadilishe breka ukaacha waya mwembamba. Na hakikisha kuna ethi (waya wa ardhini) na RCD, maana hapo maji na stima viko bafu moja.

Swali, Mwanza: Mbona fundi wangu alitoa ya 20 akaweka ya 32 na tatizo likaisha?

Lililoisha ni kelele, dada yangu. Breka inalinda waya. Soketi nyingi huku zina waya wa milimita za mraba 2.5 uliopita ndani ya bomba ukutani. Ukiupa breka ya 32, waya utachemka kabla breka haijashtuka. Isipokuwa kama soketi zenu zimezungushwa duara, waya unatoka kwenye breka na kurudi hapo hapo, huo mtindo unakubali 32. Muulize amepima au amekisia.

Swali, Dodoma: Pampu ya kisima ikiwashwa tu breka inakata, lakini ukijaribu mara tatu inawaka na kufanya kazi siku nzima.

Mota ikianza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Soma herufi kabla ya namba kwenye breka. B hukata papo hapo umeme ukifika mara 3 hadi 5 ya namba yake, C mara 5 hadi 10. Kwa pampu ni C. Kama tayari ni C, mtuhumiwa ni kapasita (kile kinachoisaidia mota kuanza) iliyochoka au mchanga uliokaba pampu. Kuijaribu mara tatu tatu acha, unaiunguza mota.

Swali, Dar: RCD yangu inashuka usiku wa manane, watu wamelala, hakuna kilichowashwa. Mke wangu anasema ni majini.

Mna friji ya "no frost", ile isiyojenga barafu kwenye kuta zake? Hilo lina hita ndogo ya kuyeyushia, inajiwasha yenyewe kila baada ya saa kadhaa. Hita ikianza kuvuja, RCD inashuka kwa ratiba ya friji. Lichomoe usiku mmoja, mhamishie nyama kwa jirani.

Huyo huyo, siku mbili baadaye: Ni friji, fundi. Mke wangu bado ana mashaka.