Namna ya Kuandika Riwaya ya Ndoa ya Maslahi Iliyowekwa Uingereza ya Kale

Riwaya za mapenzi za kihistoria zinazosimulia watu wawili waliojikuta wachumba bila kutarajia, au waliooana kwa ajili ya fedha, cheo au sitara, zina wasomaji wengi, na sehemu kubwa ya riwaya hizo imewekwa Uingereza kati ya mwaka 1811 na 1820, wakati Mwanamfalme George alipokaimu kiti cha baba yake, Mfalme George wa Tatu, aliyekuwa mgonjwa. Mwandishi wa Kiswahili anayejaribu aina hii kwa mara ya kwanza huanza aghalabu na mavazi, magari ya farasi na dansi. Mwongozo huu unamshauri aanze na sheria ya ndoa na mkondo wa fedha, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vinavyowafunga wahusika wasiweze kuachana mapema. Mapenzi ya riwaya hizi huota pale ambapo wawili hawana pa kutokea. Msomaji akianza kujiuliza kwa nini hawa wasiende kila mmoja kwao, na mwandishi akawa hana jibu isipokuwa ukaidi wao, basi hadithi imekwisha hata kama kurasa zimebaki.

Kabla ya kubuni chochote, soma kwanza ndoa za kweli za jamii hiyo, na huhitaji kwenda mbali kuliko nyumba ya mfalme mwenyewe. Mwanamfalme George alikuwa amezama katika madeni, na njia ya kulifanya Bunge limsaidie ilikuwa kuoa mke anayekubalika. Aprili 8, 1795 alimwoa binamu yake, Caroline wa Brunswick, ambaye walikuwa wameonana kwa mara ya kwanza siku tatu tu kabla. Lord Malmesbury, aliyemleta bibi harusi, aliandika kwamba Mwanamfalme alimkumbatia, akageuka, akaenda upande wa pili wa chumba na kuomba brandi. Binti yao, Charlotte, alizaliwa Januari 7, 1796, na baada ya hapo wazazi wakaishi mbalimbali. Mume alipokuwa mfalme mwaka 1820 alitaka Bunge liivunje ndoa hiyo. Mswada ukaachwa njiani, na mwaka uliofuata Caroline akazuiwa mlangoni siku mumewe alipotawazwa.

Sasa iweke ndoa hiyo karibu na nyingine. Charlotte alifariki katika uzazi Novemba 1817, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa mjukuu pekee halali wa mfalme, ami zake waliokuwa wamezeeka katika ukapera wakaanza kutafuta wake kwa haraka. William, mwenye umri wa miaka 52 na watoto kumi aliozaa na mwigizaji Dorothea Jordan, alimwoa Adelaide wa Saxe-Meiningen, binti wa miaka 25, Julai 1818, wakiwa wamefahamiana kwa muda wa kama wiki moja. Adelaide aliwapokea watoto wale, na ndoa ikawa ya masikilizano hadi William alipofariki akiwa mfalme mwaka 1837. Kilichowasukuma ndugu hawa wawili ni haja wala si mapenzi, mmoja madeni na mwingine mrithi wa kiti cha ufalme; kilichotofautiana ni jinsi kila mmoja alivyomtendea mgeni aliyeletewa nyumbani. Riwaya yako inaishi katika tofauti hiyo, na ndiyo maana haja yenyewe inapaswa kuwekwa wazi katika kurasa za mwanzo ili isisumbue tena.

Hatua inayofuata ni kuchagua mwaka, na kuuheshimu. Kabla ya Machi 1754 watu wawili wa Uingereza waliotamkiana kwamba wanachukuana kuwa mume na mke tangu dakika ile walihesabiwa na kanisa kuwa wamefungwa, hata bila kasisi, ilhali ahadi ya kuoana siku za usoni ilikuwa uchumba tu hadi itimizwe kwa tendo la ndoa. Katika mitaa iliyozunguka gereza la Fleet, London, makasisi wasio na parokia walifungisha ndoa za chapuchapu kwa malipo. Hapo mwandishi ana uwanja mpana: neno moja la kizembe kwenye karamu linaweza kumfunga kijana maisha yake yote. Sheria ya mwaka 1753 ilikomesha hayo. Kuanzia hapo ndoa ilitakiwa ifungwe katika kanisa la Anglikana, mbele ya mashahidi, na Wayahudi na Waquaker, dhehebu dogo la Kikristo lililojitenga na Anglikana, pekee ndio walioachiwa utaratibu wao.

Chini ya sheria hiyo kulikuwa na njia tatu, na kila moja ina kasi yake katika masimulizi. Ya kwanza ni kutangazwa kanisani Jumapili tatu, jambo ambalo msomaji yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kanisa huku kwetu analielewa bila maelezo. Itumie pale unapotaka wiki za wasiwasi, kwa maana mwenye pingamizi anaweza kusimama Jumapili yoyote kati ya hizo. Ya pili ni leseni ya kawaida ya askofu, inayoondoa matangazo lakini bado inadai kanisa la parokia anamokaa mmoja wao. Ya tatu ni leseni maalumu ya Askofu Mkuu wa Canterbury, iliyoruhusu ndoa mahali popote na saa yoyote, na ambayo kwa desturi haikutolewa ila kwa watu wa daraja la juu. Kwa hiyo ukitaka kuozesha watu sebuleni saa nne za usiku, hakikisha bwana harusi ana cheo cha kumfikisha kwa Askofu Mkuu. Vinginevyo ndoa hufungwa kanisani kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana.

Aliye chini ya miaka 21 alihitaji ridhaa ya baba au mlezi, na ndoa ya leseni iliyofungwa bila ridhaa hiyo ilikuwa batili. Hapo ndipo Uskoti inapoingia, kwa kuwa sheria ya 1753 haikuvuka mpaka: huko msichana wa miaka 12 na mvulana wa miaka 14 waliweza kuoana kwa kutamka mbele ya mashahidi. Kijiji cha Gretna Green, cha kwanza baada ya mpaka, kilipata umaarufu kwa ajili hiyo. Ila kumbuka kwamba kutoka London ni zaidi ya kilomita 500 kwa gari la farasi, yaani siku kadhaa za vumbi, farasi wa kukodi na kulala njiani, na tangu mwaka 1857 sheria ilidai mmoja wao awe amekaa Uskoti siku 21. Binafsi naona safari ya Gretna ina manufaa zaidi ikishindikana katikati ya njia kuliko ikifika.

Uchumba wa ghafla unahitaji uangalifu kuliko ndoa yenyewe. Hakuna sheria iliyomlazimisha mwanamume kumwoa msichana aliyekutwa naye peke yao chumbani au bustanini. Iliyolazimisha ni jamii, na jamii humpata mtu kupitia kwa wengine. Msichana shujaa aweza kusema hajali maneno ya watu, lakini akiwa na wadogo zake watatu ambao hakuna atakayewaposa baada ya fedheha yake, ujasiri huo unakosa pa kusimama. Mpe basi dada, au mama mjane anayeishi katika nyumba ya jamaa. Upande wa mwanamume, uchumba ukishatangazwa hakuweza kujitoa bila kupoteza heshima, na mwanamke aliyeachwa aliweza kumshtaki mahakamani adai fidia kwa kuvunjiwa ahadi. Mwanamke ndiye aliyekuwa na nafasi ya kubadili nia, ijapokuwa naye alisemwa. Tofauti hii ni hazina: mwanamume amefungwa na ulimi wake mwenyewe, ufunguo anao yule msichana, na sababu za kutoutumia zinabadilika sura baada ya sura, kutoka hofu hadi kitu kingine.

Kuhusu fedha, mwandishi wetu anapaswa kujihadhari na mazoea ya nyumbani. Msomaji wa Afrika Mashariki amezoea mali itoke upande wa mume iende ukweni. Kule mali kubwa ilitoka kwa bibi harusi, na ndiyo maana kabaila mwenye paa linalovuja alimtazama binti wa mfanyabiashara kwa macho yasiyo ya mapenzi. Kwa sheria ya kawaida, fedha taslimu na vitu vya mke viliingia mikononi mwa mume papo hapo, na kodi ya ardhi yake ikawa chini ya usimamizi wa mume. Familia zenye akili ziliwahi kwa mwanasheria kabla ya harusi ili kuandika hati ya ndoa, ambamo sehemu ya mali iliwekwa mikononi mwa wadhamini kwa faida ya mke, ikatajwa posho yake ya kila mwaka na kiasi atakacholipwa akifiwa na mume. Usiipite hati hii kwa sentensi moja. Waketishe wote mezani, mwanasheria asome tarakimu kwa sauti, na msichana asikie maisha yake yakihesabiwa huku yule atakayekuwa mumewe akitazama dirishani. Mume akiinua kiwango cha mjane bila kuombwa, msomaji ameshamjua kuliko atakavyomjua kwa ahadi kumi za mapenzi.

Tarakimu ziwe za kweli. Dhamana za serikali zilizopendwa na watu wa tahadhari zilikuwa na riba ya asilimia 3, hivyo binti mwenye pauni 10,000 alikuwa na kama pauni 300 kwa mwaka. Vilevile usimtishe lodi kwa kifungo cha deni, kwani wenye vyeo vya kuketi katika Baraza la Malodi, pamoja na wabunge, hawakuweza kukamatwa kwa madai ya fedha. Mdogo wake lodi aliweza, na hadithi ya kaka anayeoa ili kumtoa mdogo wake gerezani ina uzito ambao hadithi ya kaka anayejiokoa mwenyewe haina.

Yapo makosa ambayo hata riwaya maarufu za Kiingereza huyarudia, na kubwa lao ni lile la wanandoa wanaokubaliana wasigusane kwa mwaka mmoja kisha waombe ndoa ibatilishwe. Mahakama za kanisa hazikubatilisha ndoa kwa sababu hiyo tupu. Ilibidi ithibitishwe kwamba mmoja hana uwezo wa tendo la ndoa, na kwa kawaida baada ya kuishi pamoja miaka mitatu. Kukataa kwa makusudi hakukuwa sababu hadi mwaka 1937. Talaka iliyoruhusu kuoa tena ilihitaji sheria ya Bunge kwa kila kesi hadi utaratibu wa mahakama ulipoanza mwaka 1858, na katika miaka yote kabla ya hapo ni wanawake 4 tu waliowahi kuipata. Wahusika wako wakiamini hadithi ya mwaka mmoja, waache waamini, halafu mwanasheria awaeleze ukweli katikati ya kitabu, wakati mmoja wao ameshaanza kutamani mpango ushindikane.

Baada ya harusi, kazi ya mwandishi ni kuwalazimisha wawili hao kuhitajiana kwa mambo madogo. Hapa maisha ya kila siku ya wakati ule yanasaidia kuliko dhoruba na utekaji. Mathalani, kabla ya mwaka 1840 gharama ya barua kwa kawaida ililipwa na aliyeipokea. Bibi harusi wa siku mbili anapoletewa barua ya dada yake, anaweza kuwa hana hata peni moja:

“Samahani, Bwana Kapteni. Tarishi yuko mlangoni na barua yangu, na hataki kuiachia.”
Kapteni alitoa sarafu bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake la hesabu. Asubuhi iliyofuata bibi harusi alikuta kijaluba cha ngozi katika saraka ya meza yake, kimejaa peni, wala hapakuwa na maelezo yoyote.

Kisa kama hiki kinabeba sheria yote ya mali ya mke bila mwandishi kuitaja, na kinamwonyesha mume ambaye bado hajui kuzungumza. Tafuta vingine vya aina yake: nani anashika funguo za ghala, nani anaruhusiwa kuwasha mishumaa ya nta badala ya ile ya mafuta ya mnyama inayonuka, nani anamlipa mshonaji. Visa vitatu vilivyoandikwa kwa makini vinatosha; ukivijaza kila ukurasa, riwaya inageuka orodha ya vyombo.

Liko suala la namna wahusika wanavyoitana. Kiswahili kinamwita mkubwa na mdogo “wewe”, kwa hiyo umbali kati ya wanandoa hawa hauna budi kubebwa na majina, vyeo na namna ya kuomba. Waanze na “Bwana Kapteni” na “Bibi”, wakitumia “naomba” na “ukiridhia” pale ambapo mume na mke wa kawaida wangesema “nipe”. “Shikamoo” isiingie kabisa katika sebule ya London, na “mpenzi” isisikike kabla ya theluthi ya mwisho. Mahali pa kumwacha mke amwite mumewe kwa jina lake la kwanza pachaguliwe mapema, kabla hujaandika sura ya kwanza, na pawe mahali ambapo anamhitaji kwa haraka kiasi cha kusahau cheo chake. Mume asiligusie jambo hilo katika onyesho lilelile. Aligusie siku nyingine, kwa kuomba alisikie tena.